Hisa ya shilingi 5: subira ililipa kwa masharti gani?

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuzia umma hisa bilioni 10 za Safaricom, robo nzima ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Zilipoanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni, bei ilivuka shilingi 7. Mwaka uliofuata ilishuka hadi chini ya 3. Hapo ndipo wanunuzi walipotengana, na kilichowatenganisha zaidi, kwa maoni yangu, ni mahali fedha zao zilipotoka. Aliyenunua kwa mkopo wa benki alidaiwa marejesho kila mwisho wa mwezi, ilhali gawio la 2010 lilikuwa senti 20 tu kwa hisa. Huyo hata angekuwa na moyo wa chuma, asingeweza kungoja. Aliyetumia akiba asiyoihitaji upesi aliweza kukaa kimya na kuitazama kampuni yenyewe: ilikuwa ikipata faida, na huduma yake ya fedha kwa simu, M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilizidi kuingia madukani na vijijini. Tupige hesabu. Hisa 1,000 zilimgharimu shilingi 5,000. Gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2020 lilikuwa shilingi 1.40 kwa hisa, yaani shilingi 1,400, na baada ya kodi ya asilimia 5 alibaki na 1,330. Zaidi ya robo ya mtaji wake ilirudi kwa mwaka mmoja, na hisa bado ni zake.

Kuna watakaopinga, na wana haki: mbona waliosubiri na Mumias Sugar hawakupata kitu? Kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na mwaka 2020 hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa. Lakini hasara za kampuni hizo zilikuwa zikichapishwa kwenye hesabu zao mwaka baada ya mwaka. Bei ikishuka huku faida ikipanda, kuna cha kungojea. Faida yenyewe ikikauka, kungoja ni kuzidi kuzama. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu Safaricom hiyo hiyo. Mwaka 2021 hisa yake ilipita shilingi 40. Aliyeingia wakati huo alipokea gawio la shilingi 1.20 mwaka 2023, chini ya asilimia 3 ya fedha alizotoa, wakati hati fungani za serikali zikilipa zaidi ya asilimia 10.