Filamu Iliyoanza kwa Maziko

Mashabiki hawakumsamehe David Fincher. Filamu ya pili, Aliens (1986), kazi ya James Cameron, ilikuwa imewaachia familia: Ripley, askari Hicks, na Newt, mtoto aliyeopolewa mikononi mwa mazimwi. Ilipotoka Alien 3 mwaka 1992, chombo chao kilianguka katika sayari ya gereza, na Hicks na Newt wakafa kabla kisa hakijaanza. Watazamaji walijiona wameporwa. Fincher mwenyewe ameikana kazi hiyo, ambayo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza.

Lakini ipo hadhira isiyokuwa na deni hilo. Katika vibanda vya video vya Tanzania Bara, ambako wafasiri wa aina ya Lufufu waliwasimulia watu filamu za kigeni kwa Kiswahili, ya tatu iliweza kutangulia ya kwanza. Mtazamaji wa Unyambwa, Singida, akiianza hadithi hapo, haoni familia iliyoporwa. Anachokiona ni mwanamke aliyefikwa na msiba ugenini.

Na msiba huo umesawiriwa kwa uaminifu mkubwa. Ripley ananyolewa kwa ajili ya chawa, lakini katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kichwa kilichonyolewa kina habari nyingine. Anataka maiti ya mtoto ipasuliwe, akisingizia kipindupindu, kwa kuwa hofu yake ya kweli haitamkiki. Maiti zinapotoswa katika tanuru, mfungwa Dillon (Charles S. Dutton) anawasomea dua ambayo hakuna aliyeitarajia kwake, na wakati huohuo zimwi linazaliwa.

Linazaliwa katika nini? Katika filamu ya sinema, ni mbwa. Katika toleo refu la mwaka 2003, ni maksai, mmoja wa waliokikokota chombo kutoka majini, ambaye amekufa pasi na sababu kujulikana. Toleo hili ndilo la kuoneshwa Unyambwa. Kwa Mnyaturu, ambaye maksai ni jembe lake na akiba yake, mnyama aliyekufa hivyo anatisha kabla zimwi halijachomoza.

Kasoro hazifichiki. Wafungwa wamenyolewa wote, na katika mbio za mwisho ndani ya vichochoro mtu hajui nani ameliwa na nani amebaki. Hapo hata mfasiri hodari angekwama. Lakini mbio hizo hazina bunduki hata moja mikononi mwa wakimbiaji. Wana mienge, milango na miguu yao, na hofu iliyopotea katika mizinga ya Cameron inarudi.

Ripley, mwenye zimwi changa kifuani, anajitupa katika tanuru ili kampuni isilipate. Toleo la sinema linamchomoza mtoto huyo angani, naye akamkumbatia. Lile la mwaka 2003 linamwacha aanguke kimya, mikono ameitandaza.