Rufiji 1915: Tusilisingizie joto peke yake

Habari ya Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, mnaijua. Kinachonikera ni sehemu ya ndege za Waingereza, ambazo karibu kila simulizi huzipa sentensi moja: zilishindwa na joto. Mwanafunzi anaikariri, na fizikia inaishia hapo.

Tupige hesabu basi. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa takriban asilimia 7, na injini nayo hupoteza nguvu karibu kiasi hicho. Sasa njoo huku Endagikot. Nyanda za Mbulu ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa hupungua karibu asilimia 14. Mara mbili ya hasara ya Rufiji! Na bado bodaboda inapanda mlima na abiria na gunia la vitunguu swaumu.

Kwa hiyo joto ni uongo? Hapana. Ila ndege si bodaboda. Pikipiki ikikosa nguvu, unashusha gia na kupanda polepole. Ndege hutumia sehemu kubwa ya nguvu yake kubaki hewani tu, halafu inapanda kwa chenji inayobaki. Zile Sopwith mbili zilizofika Februari 1915 zilikuwa na injini za Gnome za nguvu-farasi 100, na chini zimefungwa maboya mazito ya kuelea. Chenji ilikuwa kiduchu tangu mwanzo. Ukikata asilimia 7, na mabawa nayo yakadai mwendo zaidi kwenye hewa nyepesi, imekwisha.

Kisha kuna gundi. Propela na maboya vilikuwa vya mbao za kugundisha, vikaanza kubanduka. Hapo injini inalaumiwa bure.

Na sentensi hiyo inatunyima sehemu tamu. Gnome huzunguka yote, silinda pamoja na propela, shafti ikiwa imesimama. Farman zilizoletwa kisiwani Mafia kati ya mwaka huo zilikuwa na Salmson: silinda zimepangwa duara kama spoki, lakini zimetulia, zinapozwa kwa maji. Fremu zilikuwa za chuma, na ziliruka kutoka nchi kavu, bila maboya. Ndege za Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya Severn na Mersey mpaka Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai. (Julai si kali kama Februari, nakubali. Lakini Rufiji haikugeuka Mbulu.)

Injini za mwanzo za Japani nazo zina neno lao moja: waliiga. Kawasaki walitengeneza Salmson kwa leseni, kweli. Nakajima nao walichukua leseni ya Bristol Jupiter ya Uingereza. Lakini Kotobuki, injini ya Nakajima ya 1930, ilichanganya mambo ya Jupiter na ya Wasp ya Marekani. Jupiter walikuwa nayo mkononi, na hawakuridhika nayo.