Shajara za Ukoo na Nyakati za Dhiki: Nani Aliyeandika Siku?

Ni mazoea katika uhakiki wetu kuihesabu shajara kuwa utanzu wa mtu mmoja mwenye kalamu, daftari na faragha. Kwa kigezo hicho, mwanafunzi anayechunguza jinsi familia za Kitale na Bungoma zilivyoukabili mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 huelekezwa kwenye maandishi ya walowezi, na kuambiwa kwamba upande wa pili haukuandika. Makala haya mafupi yanaipinga kauli hiyo.

Tuanze na kilichochapishwa. Mfano mashuhuri hautoki Kitale bali Njoro: Nellie: Letters from Africa (1980), barua za Nellie Grant zilizohaririwa na bintiye, Elspeth Huxley. Ingawa ni barua, zinafanya kazi ya shajara, kwani zinafuata siku, misimu na mahangaiko ya shamba kadiri yanavyotokea. Ubora wake wa kifani umo humo: msimulizi wa kumbukumbu anajua kwamba dhiki ilipita, ilhali mwandishi wa siku hajui. Hata hivyo, nafsi inayosema ni ya mwenye shamba, na dhiki hupimwa kwa mizani yake.

Mizani hiyo ilitumika Trans Nzoia pia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni. Nzige wakavamia tangu 1928, bei zikaporomoka baada ya 1929, na mwaka 1931 serikali ya kikoloni ikaanzisha Benki ya Ardhi ya kuwakopesha walowezi. Vibarua na maskwota, wengi wao Wabukusu kutoka upande wa Bungoma, hawakuwa na mkopo huo. Walikuwa na kipande shingoni na tiketi ya siku thelathini.

Hatuna budi kuisoma tiketi hiyo kama matini. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa alama zilipotimia thelathini. Siku ya ugonjwa au ya matanga haikuhesabiwa. Hii nayo ni shajara, ila mwenye maisha siye mwenye kalamu, na kilichoachwa nje ndicho kilichomgharimu. Ukimya wake ni sehemu ya maudhui.

Shajara ya tatu haikuhitaji karatasi. Wabukusu hutahiri kila mwaka wa shufwa, na kundi la waliotahiriwa hupewa jina linalotokana na tukio la wakati wake. Mzee anapolitaja jina la kundi lake, ametaja kwa pamoja tarehe na hali ya nyakati. Yamkini mhakiki atasema kwamba jina moja haliwezi kubeba undani wa nafsi. Ni kweli, lakini nafsi iliyokusudiwa hapa ni ya rika na ukoo, si ya mtu pekee.

Hatudai kwamba matini hizi tatu zinalingana kifani. Tunadai kwamba yeyote anayeisoma moja na kuziacha nyingine anairithi mizani ya mwenye shamba bila kujua. Mtafiti akiuliza Bungoma, “Je, mna shajara?” atajibiwa kwamba hakuna. Na aulize badala yake: “Rika lako liliitwaje, na kwa nini? Kipande cha babu kiliwekwa wapi?” Hapo ndipo usomaji utakapoanza.