Tovuti za asbl zetu: zinaandikiwa nani?



Ku ukurasa huu tumezoea kukosoa vitabu, sinema na hotuba za wakubwa. Leo nataka tukosoe aina moja ya maandiko ambayo hakuna mtu anaikosoaka, ingawa wengi kati yetu njo tunaiandika na tunalipwa juu yake: tovuti ya shirika. Nasema zile za asbl za mitaa yetu, za mutualite ya watu wa kijiji kimoja, mituele za afya, komite za maji, vyama vya wakulima wa kahawa. Miezi hii nimesoma nyingi za Bukavu, Goma na Uvira, moja moja, ku telefone, na mega zangu mwenyewe, vile jirani yeyote angezisoma. Nimezisoma kama maandiko mengine yote: nani anasema, anamwambia nani, juu ya nini.

Mwanzo wao wote unafanana. Unafungua, mega zinaanza kuenda. Picha kubwa inateleza, ingine inakuja: watu wamesimama mbele ya banderole, wamevaa tishati za rangi moja, mzee wa katikati ameshika karatasi. Kisha "Sisi ni nani". Kisha misio, vizio, valere. Chini yake maneno yale yale, kwa Kifaransa: kuinua uwezo, kuandamana na jamii, maendeleo ya kudumu. Ondoa jina ya shirika, weka jina ya lingine, hakuna mtu atatambua. Sehemu ya habari iko na habari mbili: ya kwanza ni "karibuni ku tovuti yetu mpya", ya pili ni atelie ya siku tatu mu hoteli fulani. Nyuma ya pale, kimya. Unatafuta namba ya telefone, unapiga, haipite.

Kwa nini zinafanana hivi? Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile inatawala asbl mu Kongo, haiombi tovuti. Tovuti inaombwa na fomu ya mfadhili. Kuko kisanduku kidogo kimeandikwa adresi ya tovuti, na kisanduku kikibaki wazi, dosie inaonekana maskini. Basi tunaandika tovuti ili kujaza kisanduku. Msomaji wake wa kweli anakaa Bruxelles ao Genève, anaifungua mara moja tu siku ya kuangalia dosie, anaona kweli iko, anafunga. Siwalaumu sana viongozi juu ya hii. Makuta ya mradi inatoka kule, na mtu anaandikia yule anayelipa. Lakini lazima tuseme wazi matokeo yake: mwanamemba anayelipa kotizasio yake kila mwaka hayuko ndani ya maandiko ile. Hakuna sentensi hata moja inamwangalia usoni.

Mfano mmoja ulinibakia kichwani kuliko ingine, sitataja jina. Ni mituele ya afya. Mtu analipa kotizasio ya mwaka kwa familia yake, anapata karte, na akiwa mgonjwa anaenda ku kituo cha afya chenye kina makubaliano na mituele. Analipa sehemu ndogo, mituele inalipa ile ingine. Kwa shirika kama hii, maneno ya maana ni machache sana: bei ya mwaka huu, mwisho wa kulipa, liste ya vituo, na namba ya mtu wa kuita usiku. Ku tovuti yao kuko kurasa kumi na moja. Bei iko mu ukurasa wa nane, na ni bei ya zamani. Ku liste ya vituo kuko kimoja ambacho makubaliano yake yalikwisha kitambo. Mama mmoja wa kwetu alionyeshwa ile liste na mtoto wake mwanafunzi ku telefone, akabeba mjukuu mpaka pale, akaambiwa karte yake haina kazi. Alilipa yote kwa mfuko wake, na kwa yule mama "yote" ilikuwa makuta ya mbegu.

Sasa munisikilize vizuri. Ku ukuta wa ofisi ya ileile mituele kuko karatasi moja ya A4, imebandikwa na skochi. Liste ya vituo ni ya kweli. Kile kituo kimefutwa na biki nyekundu, pembeni sekretere ameandika tarehe na ametia sinyatire yake. Bei iko juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili. Chini, namba ya telefone na jina ya mwenye zamu. Mimi nasema ile karatasi njo kazi bora ya maandishi ya lile shirika. Inajua inasema na nani. Inaonyesha siku gani ilisema, na nani alisema. Na ikikosea, kuko mtu mwenye biki karibu. Tovuti iko na rangi, iko na picha zinazoteleza, lakini vile vitatu haina hata kimoja.

Mtu atasema: ni shida ya ufundi, enformatisie alikuwa mubaya. Apana. Kutengeneza tovuti siku hizi siyo kazi ngumu. WordPress iko bure tangu 2003 na sehemu kubwa ya tovuti za dunia zinasimama juu yake. Cheti cha usalama, kile kinaweka alama ya kufuli pembeni ya adresi, Let's Encrypt inakitoa bila kulipa. Ugumu unaanza siku ya pili. WordPress ni kama mbuzi: uliipata bure, lakini inakula kila siku. Usipoipa matengenezo mapya, wezi wanaingia kupitia programu ndogo ndogo ulizoongeza na hukuzichunga. Cheti cha Let's Encrypt kwa kawaida kilikuwa cha siku 90. Seva isipojua kukifanya upya peke yake, msomaji anakuta onyo jekundu, anaogopa, anatoka. Na domeni, ile jina yenyewe, haununue. Unapanga, mwaka kwa mwaka, kama nyumba.

Hapa njo ninaona hatari kubwa, na sisi watu wa parseli tungepaswa kuielewa kuliko wengine. Wote tunajua vita ya parseli inaanzia wapi: jina ya nani iko ku karatasi? Domeni ni vilevile. Stajiere anakuja, kijana wetu wa iniversite, anaandikisha domeni kwa imeli yake mwenyewe, kode anaziweka mu telefone yake. Stage inaisha, anaenda Kampala kutafuta maisha. Mwaka unapita, barua ya kulipa inafika ku imeli ambayo hakuna mtu wa komite anaijua. Kwa majina ya .org, nyuma ya muda wa kwanza wa kuchelewa, kunabakia siku 30 za kukomboa, na ukombozi ule bei yake inapanda sana kuliko ya kawaida. Zikipita, jina inarudi sokoni. Nimeona kwa macho yangu adresi ya shirika la wamama ambayo leo inafungua nyumba ya kubeti. Na ile adresi iko bado ku brosha zao, ku afishi, na imepakwa rangi ku ukuta wa ofisi. Anayetafuta msaada, tena kwa mambo yale wamama wale wanashughulikia, anakaribishwa na karata.

(Tusijione wadogo: hata inchi ilipoteza adresi yake. Wakati wa Zaire tulikuwa na .zr. Jina ya inchi ilibadilika 1997, .cd ikaingia, na 2001 .zr ikafutwa kabisa.)

Nasikia wengine wanasema: tuachane na tovuti, Facebook na WhatsApp zinatosha. Kwa kuitana ku mkutano, zinatosha kabisa. Lakini mukumbuke Goma, Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021. Odio zilikuwa zinapita kutoka grupe moja mpaka ingine bila tarehe. Tarehe 27, serikali ilipoamuru mitaa mingi ihame kuelekea Sake, mtu alikuwa na tangazo la kweli na la jana mu telefone moja, sauti zote zinafanana. Maneno ya WhatsApp yanateleza, hayana mahali. Tovuti kazi yake ni kuwa mahali, pale mtu anarudi na anakuta neno la leo likiwa limekalia kiti cha neno la jana. Berners-Lee, aliyevumbua web kule CERN, aliandika tangu 1998 kwamba adresi nzuri ni ile haibadilike, na CERN wenyewe wamerudisha ukurasa wa kwanza kabisa ku adresi yake ya zamani. Uufungue: hakuna picha, ni maneno na viungo, na unafika haraka hata ku telefone ya bei ndogo.

Ile wepesi siyo umaskini. Picha moja ya telefone inaweza kupita mega tatu. Ukurasa wa maneno matupu haufiki hata sehemu ya kumi ya mega moja. Picha tano za banderole ni mega kumi na tano, na anayezilipa ni yule mama wa karte. Nikiona tovuti ya komite ya maji imejaa video inayojianzisha peke yake, najua komite haijawahi kuifungua ku telefone ya mwanamemba.

Na lugha? Mkutano tunafanya kwa Kiswahili, tunagombana kwa Mashi, Kifuliiru ao Kinande, halafu tovuti inasema Kifaransa tu. Hata Radio Okapi, ambayo tangu 2002 inasikika kwa lugha tano, maandishi ya tovuti yake kwa sehemu kubwa ni Kifaransa. Wanaosema Kiswahili hakiwezi kazi hii wafungue Wikipedia ya Kiswahili: iko tangu 2003, inaandikwa na watu wa kujitolea, na kila badiliko linaonyesha siku na nani alilifanya. Ni karatasi ya sekretere wetu ileile, biki nyekundu pamoja.

Kwa hiyo kipimo changu cha kukosoa ni kidogo sana. Nachukua ukurasa wa kwanza wa tovuti, naprinti, na najiuliza kama naweza kuubandika ku ukuta wa ofisi na ukafaa. Nyingi nilizosoma zinaanguka pale: inatoka picha ya watu na neno "vizio". Kipimo hiki hakikutoka hewani. Tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa mu inchi nzima nyuma ya uchaguzi, ikarudi karibu siku ishirini nyuma. Siku zile zote ukuta ulikuwa unasomeka.

Kuna jambo moja linatugusa sisi wenyewe. Budjeti za miradi ziko na mstari wa kutengeneza tovuti, na ule mstari unanona. Mstari wa kuichunga miaka mitatu haupo, na sisi tunasaini vilevile. Domeni ya mwaka mmoja haipite bei ya chakula cha siku moja ya atelie kwa watu wachache. Tangu banki zilifunga Goma na Bukavu mwanzo wa 2025, kulipa kumekuwa kugumu zaidi. Nimeona shirika linamwomba ndugu aliye ng'ambo alipe na karte yake, na hapo tena jina inahama kwa mtu mwingine. Basi tuandike mu kontra miaka mitatu, imeli ya shirika siyo yetu, kode mu bahasha mu kese ya shirika, watu wawili wanazijua. Mfadhili akikataa, tupunguze kurasa kumi na moja ziwe mbili, makuta itatosha.

Na wale kati yetu wenye bado wanatembea na kode za mashirika ya watu mu telefone zao, na tunajuana, warudishe juma hii.