Tunaangalia kisu, tunaacha ala

Kuna kasoro moja katika namna visu vya zamani vya kwetu Kivu vinavyoonyeshwa na kuuzwa kule Ulaya. Sifa zote zinaenda kwa chuma: urefu wake, umbo lake, makali yake. Ala inatajwa mwishoni, kama vile ni mfuko tu. Mimi naona hapo mambo yamegeuzwa.

Tuchukue ala yenyewe. Katika Maziwa Makuu ala nyingi zilichongwa kwa mbao, zikazungushiwa waya wa shaba. Sasa, angalia ule waya. Katika karne ya 19 waya wa shaba ulikuwa mali ya kubadilishana. Wapagazi waliubeba kutoka pwani, Bagamoyo, hadi Tabora na Ujiji, na kwenye misafara uliitwa masango. Shaba nyingine ilichimbwa Katanga. Kumbe ala ndogo ya mtu wa milimani inaweza kukuonyesha njia za biashara ambazo chuma cha kisu hakitakuambia.

Halafu kuna kazi ya mikono. Tunamsifu mhunzi, na ni haki yake. Lakini kuchonga mbao ilingane na kisu, kisicheze wala kisikwame, na kukaza waya usilegee, huo ni ufundi mwingine. Mwenye kuufanya hatajwi.

Kwetu Masisi na Walikale jambo hili lina uzito wake. Ukisema mupanga, mtoto wa leo anafikiria nini? Vita, kukimbia, usiku porini. Anajua chuma kilichochomolewa. Ala ingemwambia kwamba babu zake walikuwa na mahali pa kulaza kisu, tena waliparemba.

Waomani wamelielewa hilo. Jambia lililo kwenye bendera yao tangu 1970 limo ndani ya ala yake, pamoja na mkanda. Na mwaka 2022 ufundi wa jambia lao uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa tamaduni.

Na sisi je? Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyo kwenye makumbusho ya Tervuren. Ni mwanzo. Lakini swali letu lisiishie kwenye hesabu ya visu. Tuulize pia: ala zake ziko wapi? Zilichongwa wapi, na nani? Waya ulitoka upande gani?

Na tusingojee Tervuren ijibu. Wewe unayetafuta kichwa cha TFC ya historia, anza kwa wazee wa kijiji chako. Waulize ni mti gani ulifaa kwa ala, na nani aliruhusiwa kuivaa mbele ya mwami. Andika majibu yao pamoja na majina yao.