Kijana Ni Nani Katika Maktaba ya Umma?

Wanafunzi wetu wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha wametuuliza kwa nini idara ya lugha ijishughulishe na maktaba za umma, wakati wakutubi wana chama chao na vyuo vyao. Jibu letu ni fupi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika nchini Uganda mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu hupewa kitabu cha kiada, akibahatika. Hadithi ya kusoma kwa kujifurahisha hapewi. Mwanafunzi asiyeikuta hadithi hiyo shuleni wala nyumbani ataikuta wapi, kama si katika maktaba ya mji wake? Hapana budi basi tujue maktaba hizo huwapangia vijana mambo gani, na huyapanga kwa kufuata nini.

Andiko linalojulikana zaidi katika uwanja huu ni mwongozo wa huduma za maktaba kwa vijana uliotolewa na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba. Sisi tumesoma toleo la 2008, lililorekebishwa na Pat Muller na Ivan Chew. Ni kijitabu chepesi, hakina maneno makubwa, na yeyote anayetaka kuanzisha shughuli za vijana anaweza kukimaliza jioni moja. Kinashauri maktaba iwe na mahali pa vijana palipo tofauti na pa watoto, iwe na majarida, vitabu vya katuni na muziki pamoja na vitabu vya kawaida, ishirikiane na shule, iandae mazungumzo ya vitabu, maigizo na mafunzo ya kompyuta. Juu ya hayo yote kinasisitiza kwamba vijana wenyewe washirikishwe katika kuchagua, kupanga na kutathmini shughuli hizo.

Hakuna mwenye akili timamu atakayeyapinga haya. Tatizo letu linaanzia kwenye neno moja, na kwa kuwa sisi ni watu wa maneno, tutakaa hapo kidogo.

Mwongozo unakubali kwamba kila maktaba inaweza kujiwekea mipaka yake ya umri, lakini unasema kwa jumla walengwa ni wale wenye umri kati ya miaka 12 na 18. Jina la Kiingereza la walengwa hao, likitafsiriwa neno kwa neno, litakuwa "watu wazima wachanga", jambo ambalo Mswahili hawezi kulisema bila kucheka. Kwa hiyo sote tumeandika "vijana" na kuendelea na safari. Lakini kijana ni nani? Kwa sheria ya Uganda ya 1993 iliyounda Baraza la Taifa la Vijana, ni mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 30. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na kuishia kabla ya 35. Ukiweka mwongozo wa IFLA kando ya sheria yetu ya 1993, utaona kwamba makundi haya mawili yanagusana katika umri wa miaka 18 tu. Kinachoitwa kijana na mkutubi, kwa afisa wa serikali bado ni mtoto. Na kijana wa afisa, kwa mkutubi ni msomaji mtu mzima.

Mtu anaweza kusema huu ni ubishi wa darasani. Sivyo. Maktaba za umma za Uganda ziliwekwa mikononi mwa serikali za mitaa na sheria ya 1997, na Maktaba ya Taifa iliyoundwa kwa sheria ya 2003 huzipa miongozo bila kuzimiliki. Basi mkutubi anapotaka kuwashirikisha vijana katika mipango yake, kama mwongozo unavyomwagiza, anaandika barua kwa halmashauri, na halmashauri inamletea mwakilishi wa baraza la vijana. Tumewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Mwakilishi alikuwa bwana mwenye miaka 28, mwenye mke na mtoto, hodari wa kusema, na hoja zake zote zilihusu mikopo ya kuanzisha biashara. Hoja hizo zilikuwa za haki kabisa. Ila msichana wa miaka 14, ambaye chumba kilikuwa kinapangwa kwa jina lake, hakuwa na mtu mezani. Kiswahili kina barobaro, kina mwari, kina kigori; siku hizi wataalamu wa afya wanasema vijana balehe. Laiti barua ile ingeandikwa kwa mojawapo ya maneno haya, pengine angeitwa mtu mwingine.

Tusiwalaumu wengine tu. Mwaka 2019 idara yetu iliomba maktaba ya mji mmoja itupe chumba kila Jumamosi saa nane mchana, tuendeshe saa ya kusoma Kiswahili. Tulipanga kila kitu ofisini kwetu: vitabu, maswali ya kujadili, hata zawadi. Jumamosi ya kwanza viti havikutosha, nasi tulirudi nyumbani tukijipongeza. Jumamosi ya nne walikuja wanne. Tulipomuuliza mmoja wao wenzake wako wapi, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, wale walikuja kwa sababu ya viti na umeme. Mliposema tufunge madaftari, wakaona wamepoteza mahali pa kusomea." Hatukuwa na la kumjibu. Ilikuwa muhula wa tatu, mitihani ya taifa ilikuwa mlangoni, na sisi walimu, ambao tungepaswa kuijua kalenda hiyo kuliko mtu yeyote, tulikuwa tumewanyang'anya meza.

Tuliurudia mwongozo baada ya hapo, tukagundua kwamba tulikuwa tumeusoma kama wengi wanavyousoma: tulichukua orodha ya shughuli na kuuacha msingi wake. Orodha ni rahisi kuchukua. Mazungumzo ya vitabu unayaweka Jumamosi, maigizo mwezi wa tano, taarifa unaiandika mwezi wa sita. Kushirikisha vijana hakuna tarehe, na hapa tunaona udhaifu wa mwongozo wenyewe, kwamba unatoa mifano mingi ya nini kifanyike, lakini unasema machache mno juu ya kitu gani kitamfanya kijana mwenye kazi za nyumbani, karo isiyolipwa na kilomita kadhaa za kutembea, akubali kukaa katika kamati bila malipo. Umeandikwa kana kwamba muda wa kijana ni wa bure.

Kitengesa, kijiji kilicho karibu na Masaka, walilijibu swali hilo bila kusubiri mwongozo wa 2008. Maktaba yao ilianza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu, kwa juhudi za Kate Parry, mwalimu wa chuo kikuu cha New York, pamoja na shule ya sekondari ya hapo, na ikapata jengo lake mwaka 2004. Ni maktaba ya jamii, haiko chini ya halmashauri, nasi hatutaki kuzichanganya aina hizi mbili. Lakini ilikuwa na mpango ambao maktaba za umma zingefaa kuutazama: baadhi ya wanafunzi wa shule hiyo walifanya kazi za maktaba kwa saa maalumu, na badala yake walilipiwa karo. Waliazimisha vitabu, walipanga rafu, waliwasaidia wasomaji wengine. Hapo ushiriki si wema anaoombwa kijana. Ni kazi yenye ujira, na anayekaa nyuma ya meza ya kuazimia hujua upesi ni kitabu gani kinachotoka na kipi kinachokula vumbi.

Suala la kujua vitabu linatukumbusha Margaret Edwards, mkutubi wa Baltimore huko Marekani, ambaye katika miaka ya 1940 alipeleka vitabu mitaani kwa gari la kukokotwa na farasi. Katika kitabu chake cha 1969 anaeleza jinsi alivyowafunza wasaidizi wake: kila mmoja alisoma vitabu 300 na kuja kuvijadili naye kabla ya kuaminiwa na huduma ya vijana. Wako waliomwona mkali mno. Sisi tunadhani alikuwa na haki, na tunajiuliza ni wangapi kati ya wahitimu wetu wa Kiswahili wamesoma hata hadithi 30 ambazo hazikuwa kwenye orodha ya mtihani. Mwanafunzi akiuliza kitabu cha kusisimua, tunamtajia kilichotahiniwa. Ni wachache watakaomtajia Kufa na Kupona cha Elvis Musiba cha 1974, au riwaya za Ben Mtobwa, ambazo baadhi yetu, tukubali, tulizisoma chini ya dawati mwalimu akiwa ubaoni. Mwongozo wa IFLA una jambo la kutufunza hapa, kwani unakubali vitabu vya burudani na katuni bila kuomba radhi.

Sasa tunarudi kwenye jambo linalotukabili. Maktaba ile ya 2019 imekubali tena kutupa chumba, na safari hii tumewaomba wasichana na wavulana saba wa kidato cha pili na cha tatu watuambie wao wanataka nini. Wamekutana mara moja. Walilokubaliana ni hili tu: madaftari yasifungwe. Tathmini ya shuleni, ikiwa pamoja na miradi yao, hubeba asilimia 20 ya alama za mwisho za kidato cha nne, na wanataka saa ya kwanza iwe ya kazi hiyo, sisi tukiwa karibu kwa maswali. Hadithi ifuate kwa atakayebaki. Wasichana waliomba tuanze saa saba badala ya saa nane, kwa sababu ya kuchota maji jioni. Hakuna aliyetaja zawadi.

Lakini mkutubi anatudai mpango wa mwaka mzima kwa maandishi, wenye shughuli na gharama zake, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na halmashauri haipitishi kitu kisicho na jina. Hatumlaumu, ndivyo anavyoagizwa. Wenzetu wawili wa idara wanashauri tujaze shughuli zozote ili fedha zisipotee, halafu tubadilishe baadaye. Sisi tunapinga, maana tukishaandika maigizo mwezi wa tano, maigizo yatafanyika mwezi wa tano, atake asitake mtu. Tumependekeza kifungu kimoja tu kiandikwe, cha chai, karatasi na ujira mdogo wa wale saba, na safu ya shughuli ijazwe kila muhula na wao wenyewe. Mkutubi amesema atalipeleka kwa mkubwa wake. Kikao cha pili cha vijana ni Jumamosi ijayo, saa saba, na walimu wanafunzi wawili wanaotaka kuja kusikiliza, si kufundisha, waandike majina yao kwa katibu wa idara.