Kisanduku cha Udi na Jina la Mtu Mwingine

Mama mmoja wa hapa Kidichi alinijia baada ya sala ya Alasiri kuniomba dua. Mwanawe yupo Maskati mwezi wa nne sasa. Kaingia kwa viza ya matembezi, na viza ya kazi aliyoahidiwa haijatoka. "Keshazoea, Sheikh," akaniambia, "anajua masoko, ana na rafiki. Kilichobaki ni karatasi tu." Nilimwombea. Kisha nikarudi kwenye kitabu nilichokuwa nikikisoma, nikahisi kinazungumza na mama yule.

Kitabu chenyewe ni By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kilitoka mwaka 2001, kwa Kiingereza. Mzee Saleh Omar, mwenye miaka 65, anashuka uwanja wa Gatwick kuomba hifadhi. Pasipoti yake ina jina la Rajab Shaaban Mahmud, ambaye si yeye. Ameusiwa asiseme Kiingereza, ijapokuwa anakijua. Mzigoni mwake mna kisanduku cha ud-al-qamari, udi wa kufukizia. Afisa wa uhamiaji anamwambia kwamba mambo haya ya kuomba hifadhi ni ya vijana, kisha anakichukua kisanduku kile.

Sisi tuliolelewa kwenye harufu ya karafuu na mdalasini hatuhitaji kufasiriwa msiba huo. Hata mahamamu yetu hapa, yaliyojengwa mwaka 1850, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, na nakshi zake ni za Kiajemi, ili mgeni awe na kitu cha kwao. (Bibi yule mwishowe aliachwa akarudi Uajemi; nakshi peke yake hazitoshi.) Gurnah hapigi kelele juu ya udi ule. Anaueleza ulivyopatikana, kwa nani na kwa biashara gani, hata msomaji akajua nini hasa kilichopotea. Hapo ndipo kitabu kilipo kizuri kuliko pote.

Baadaye mzee anapelekwa kizuizini, kisha nyumba ya bibi mmoja anayepangisha wageni, kisha mji mdogo wa pwani. Anazoea. Lakini mtu akikaa akingoja bila ya kazi, madeni ya zamani ndiyo yanayomtembelea. Anatafutwa mkalimani wa kumfasiria, na anayetajwa ni Latif Mahmud, mwana wa huyo huyo Rajab Shaaban. Wapo watakaosema sadfa hiyo imezidi. Mimi sioni hivyo. Mtu wa pwani akenda ughaibuni, wa kwanza kukutana naye ni yule aliyemkimbia.

Rajab Shaaban hakuwa mtu baki. Saleh Omar alikhasimiana naye kwa ajili ya nyumba, kisha akasafiri kwa jina lake. Aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab inatufunza kuwaita watu kwa baba zao, na hapa mtoto anakuta baba yake amevaliwa na adui. Nina neno na mwandishi juu ya hilo. Amempa Saleh Omar ulimi mtamu mno: kafungwa miaka, mkewe na bintiye wamekufa naye yumo kifungoni, na anayasimulia kwa upole hata msomaji akamsamehe kabla Latif hajasamehe. Dhuluma ile inastahiki kupimwa, na huruma isiwe ndiyo mizani.

Lakini kitabu hakidanganyi juu ya gharama. Mzee alidhani atalitumia jina lile siku moja ya uwanja wa ndege, likawa ndilo analoitwa na kila mtu. Vijana wetu wa Ghuba wako hivyo hivyo. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Akifanya, siku ya mshahara kunyimwa hana pa kushitaki, kwani yeye mwenyewe ni mkosa. Naye hunyamaza, kama mzee yule, ijapokuwa lugha anaijua. Huku nyumbani tunaita hayo subira.

Siku ya pili nilimwuliza yule mama mambo mawili: mwanawe kaingia kwa jina gani, na kafili wake ni nani. La kwanza alilijibu upesi, ni jina lake mwenyewe, alhamdulillahi. La pili hakulijua, wala mumewe. Tumempigia simu kijana atuletee jina la kafili na nakala ya mkataba. Mpaka leo bado tunangoja.